Viboko wa Malta

Jumapili jioni

Bado nacheka, ingawa ile saa niliona aibu. Dada yangu Odette, yule anayeishi Ubelgiji, yuko vakansi Malta, anapumzika na bwana yake Mzungu. Alitupigia video wakitembea kando ya bahari: njia pana ya mawe, taa, watu na aiskrimu zao. Jua lilikuwa linazama.

Mama akaninyang'anya simu. "We Odette, toka hapo kwa maji! Giza inaingia, viboko watatoka!"

Hapa kwetu Kibenga, kando ya ziwa, jioni hakuna mutu anayebaki ufukweni. Viboko hutoka ziwani kula majani, wanafika hadi kwenye bustani za watu. Lakini Malta!

"Apana, Mama, hii ni bahari. Viboko hawako huku."

"Nani amekuambia? Vuka barabara!"

Bwana yake akauliza kuna nini. Odette akamshika mkono tu. Mi nikaangalia chini. Siku hizi naogopa kwamba anatusahau, kwamba sisi ni watu wa kupigiwa simu tu.

Picha ikayumba, tukasikia honi. Ilipotulia, nyuma ya Odette hapakuwa na maji tena, ni milango ya maduka.

"Haya," Mama akasema, akikaa vizuri. "Sasa tuongee."