Aliniambia Nioshe Chombo cha Kuku, Nikamwita Mchawi

Mshauri, shikamoo. Nisaidie, maana nimefanya jambo la aibu na sijui pa kuficha uso. Nalima mboga huku Uluguru na nafuga kuku, na jirani yangu, nimwite Scholastika, tumechota maji pamoja tangu tulipoolewa. Mwezi wa tatu alipita bandani kwangu, akatia kidole kwenye dumu nililolikata la maji ya kuku, akasema, "Dada, chombo hiki kinateleza, kioshe." Nikanuna, nikaona ananisimanga uchafu, wala sikukiosha, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naongeza maji mapya juu ya yale ya jana nikijiona nimewanywesha vizuri, basi siku ya tatu kuku wakaanza kuharisha, wakafa kumi na tisa, na mimi kwa hasira nikasimama kwenye jumuiya, tumemaliza kusali rozari, nikamkazia macho Scholastika, nikasema nimelogewa kuku na aliyetia mkono bandani kwangu anajulikana. Tangu siku hiyo Scholastika haji jumuiya. Juzi bwana mifugo alipanda huku, akageuza lile dumu, utelezi wa kijani umeshika chini pamoja na kinyesi, akaniuliza, "Mama, wewe ungeyanywa haya?" Nilitamani ardhi inimeze. Nimebaki na kuku wanane, na nikimwona Scholastika nageuza njia. Nifanyeje?

Mwenye Aibu, Uluguru

Marahaba, Mwenye Aibu. Pole kwa kuku. Kwa mengine sikupi pole bado. Mwenzio alikuonya mkiwa wawili tu, wewe ukamjibu mbele ya jumuiya nzima.

Anza na hao wanane, hawawezi kusubiri aibu yako iishe. Maji ya jana mwaga, usiongeze juu yake. Sugua dumu kwa sabuni kila siku, suuza, anika juani, kisha weka maji ambayo wewe mwenyewe ungeyanywa. Liinue juu ya matofali wasilinyee. Dawa muulize bwana mifugo, si mimi.

Sasa nenda kwa Scholastika, umwambie, "Nilikusingizia." Halafu jumuiya ijayo simama palepale uliposimama, mtaje kwa jina, useme kuku wako waliuawa na chombo chako. Kunong'ona jikoni kwake hakutoshi, ulimchafua hadharani. Watakucheka wiki mbili. Yeye wamemwogopa miezi mingapi?

Akikubali kuja kwako tena, usimkalishe sebuleni. Mpeleke bandani, atie kidole kwenye dumu. Akisema linateleza, lioshe yeye akiwa bado amesimama hapo.