Sauti ya Mawe ya Kuanika

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi kwa kompyuta. Kendi, mpwa wangu mwalimu, aliniwekea programu yenye vinanda vyote vya wale wazungu wa roki wenye nywele ndefu, wale wimbo wao mmoja unamaliza upande mzima wa kaseti. Natafuta sauti moja tu. Ile inayoteleza na kulia. Nitaipata. Mimi ndiye nilipiga sintesaiza Kiirua mpaka ng'ombe wa Buuri nzima wakatoa maziwa mara mbili. Waulize.

Jumanne, 4 Machi
Nimepigia Muriuki wa Embu, mpiga gitaa wa bendi yetu ya zamani. Nikamsikizisha kwa simu. Akacheka. "Hiyo ni king'ora, Mutuma." Atakuja Jumamosi na gitaa. Asiposikia ile sauti yenyewe, analiuza, na habari ya bendi nisimtajie tena. Nimeudhika. Na soko lote la Gakoromone nishawaambia bendi imerudi.

Jumatano, 5 Machi
Nimezungusha kila kitufe cha programu. Sauti safi. Safi kama shuka ya hospitali. Kendi anasema, "Lakini Anko, ni sawa kabisa na rekodi." Sawa na rekodi, lakini si ile ninayoijua. Hasira. Sikula githeri. Nilikula kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Stima imepotea. Nikatoa redio kaseti ya zamani. Mawe yake, yaani betri, yameisha nguvu, nikayaanika juani kando ya maharagwe, vile tulikuwa tunafanya tukiwa vijana. Nikaweka kaseti ya kwaya. Ikaanza vizuri, halafu ikazama. Akina mama wa sauti ya kwanza wakageuka wazee wa kanisa.

Nywele zikanisimama. Ndiyo hiyo! Ile kaseti ya wazungu hatukuwahi kuisikia na mawe mapya. Siku zote yalikuwa ya kuanika. Tuliipenda ikiwa inakufa.

Stima irudi tu.

Ijumaa, 7 Machi
Imerudi. Nimeishusha sauti, nikaifanya iyumbe, izame kidogo noti ikiwa ndefu. Hakuna profesa angefikiria hiyo. Hakuna. Naogopa kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Muriuki alifika, akakaa, kofia hakuvua. Nikapiga. Akainamisha kichwa. Nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Wewe mzee! Umeanika mawe!"

Akatoa gitaa. Akalegeza nyuzi, mmoja mmoja, mpaka zikazama pamoja na mimi. Hakuuliza noti. Kendi akasema tunapiga chini ya sauti inayotakiwa. Tukamwambia alete chai. Ikapoa hapo hapo. Ng'ombe walikuja kwa ua kusikiliza, hata wa jirani. Naapa.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nilinyamaza, watu wakaniuliza kama naumwa. Muriuki alirudi Embu asubuhi, mikono mitupu, na habari ya kuuza hakuitaja. Gitaa liko hapa kwangu, limeegemea gunia la viazi. Sijaligusa. Nyuzi bado zimelegea.