Bwana Kizuizi Anakufa Saa Kumi

Wandera, mzee wangu wa maneno mengi,

Usicheke mwandiko. Penseli ni ya mjukuu wako, na mimi shule niliacha darasa la tatu kwa sababu nilikuwa tayari najua mambo kuliko mwalimu. Ningeweza kutafuta mtu aniandikie, lakini mtu akikuandikia anaweka maneno yake. Haya ni yangu mwenyewe, mimi Ekisa wa Adungosi, yule uliyekuwa unamwita Mteso kichwa jiwe mbele ya madereva.

Nakuandikia habari za siku ya kunyoana, ile ya kumaliza matanga yako. Ulisema utakuwa unaangalia, lakini nakujua. Kitu kizuri kikifika, wewe unasinzia.

Kumbuka mahali tulianzia. Kibanda chetu cha video pale Malaba, ukuta wa mafunjo na magunia, mabenchi sita, televisheni moja, deki moja, na jenereta ambayo ilikuwa inanisikia mimi peke yangu. Wewe ulivuta kamba yake mara ishirini ikakohoa tu. Mimi mara moja. Mikono hii ilifunga mabehewa ya reli miaka ishirini na sita, jenereta ni nini? Hiyo nataka ikumbukwe huko uliko.

Kazi yako ilikuwa kushika maiki na kutafsiri Kichina. Madereva walikuwa wanakaa kwenye foleni siku tatu, siku nne, wakingoja kuvuka kwenda Uganda. Wangefanya nini? Waliingia kwetu mchana waone Wachina wakikatana. Na wewe uliwaambia ulipikia Wachina katika kambi ya barabara, ndiyo ukajua lugha yao. Wandera! Ulipikia Mhindi wa duka la vipuri pale Busia, miezi miwili, akakufukuza kwa sababu ya chumvi. Kichina hukujua hata neno la kuomba maji. Tulijua watu wawili tu, wewe na mimi, na mimi sikusema hata nilipokuwa nimelewa. Hiyo pia ikumbukwe.

Kanda zilikuwa nyingi, na zote ni jambo moja: mtu ameuawa, na mtu wake anakuja kulipiza. Lakini ile yetu, ile iliyojaza mabenchi mpaka watu wakakaa juu ya madebe, ilikuwa Kijana wa Ndoo. Kijana anambebea mwalimu wake maji, ndoo mbili, kupanda mlima. Anakuja adui mwenye masharubu marefu, anatia sumu kwenye chai ya mwalimu, halafu anamkata upanga akiwa tayari anakufa. Mtu wa kuua mara mbili! Kijana anabaki na ndoo zake. Anajifunza miaka kumi. Halafu anashuka mlimani kumtafuta adui yule na watu wake, mmoja mmoja. Wa kwanza anamuulia mkahawani kwa vijiti vya kulia. Wa pili juu ya daraja la mianzi. Wa tatu, yule mnene, ndani ya pipa la pombe. Damu iliruka mpaka mara ya kwanza Nabwire mke wako akakimbia na kitambaa kupangusa televisheni. Alikuwa anakasirika tukimkumbusha. Sasa anacheka.

Na wewe, kwa akili yako, ulimpa yule wa masharubu jina la Bwana Kizuizi, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye daraja na kuzuia kila mtu kupita. Uliona madereva walivyomchukia? Mtu amelala chini ya lori siku nne, halafu anaona Mchina amefunga daraja! Walikuwa wanasimama wote na kupiga kelele, mkate, mkate kichwa!

Lakini mwisho hatukuwa nao. Wiki ya kwanza tu deki ilikula kanda. Mvua inanyesha, kijana ameinua upanga, Bwana Kizuizi amepiga magoti, na hapo hapo, krrr, kioo cheusi. Ulikata kwa wembe, ukaunganisha kwa selotepu, lakini kipande kile kilikuwa kimekwenda. Mtu mwingine angerudishia watu kiingilio. Wewe ulisimama mbele ya kioo cheusi na maiki yako, ukawaambia mwisho kwa mdomo, kama mtu aliyekuwako.

Na haukuwa mwisho mmoja! Hiyo ndiyo ilinichoma. Foleni ikiwa ndefu, Bwana Kizuizi alikufa vibaya, kipande kwa kipande, na kabla ya kufa alifungua daraja akiwa analia. Foleni ikitembea, kijana alimsamehe, akampa ndoo moja, wakaenda kuteka maji pamoja. Nilikuwa nakaa karibu na jenereta nikipiga kelele, "Wandera, anamkata! Mtu aliyeuliwa mwalimu hawezi kubeba ndoo na muuaji!" Na wewe kwenye maiki, watu wote wakisikia: "Wazee wa Adungosi wanaomba damu, lakini wenyewe nyumbani wakichinja kuku wanashikiwa miguu." Watu wakavunjika mbavu. Miaka sita tulibishana jambo hilo, na sikukubali hata siku moja. Kwangu kukubali ni ugonjwa.

Halafu Kato akafungua kibanda chake ng'ambo ya daraja. Kato na televisheni yake kubwa kama dirisha la kanisa. Akaanza kuwaambia madereva wakivuka, yule mzee wa Kenya hajui Kichina, anatoa maneno tumboni. Nilichukua rungu nikamfuate. Ulinishika shati. Ukasema, "Muache na meno yake, Ekisa. Atacheka na nini siku tukimshinda?"

Sasa kifua kikakushika, na wiki ya mwisho pale kwako Burumba ukaniambia maneno yale. Ulisema kwa shida, lakini bado kwa sauti ya maiki. "Siku ya kunyoana, msiniletee kwaya peke yake. Leta Kijana wa Ndoo. Na wewe ndiye utasema." Nikakuambia wacha upuuzi, utasema mwenyewe. Ukanyamaza. Mara yako ya kwanza kunyamaza, ndipo nikajua.

Basi, siku ya kunyoana. Nilifunga televisheni kwenye blanketi, nikaikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaikaza kwa mpira, deki na kanda kifuani mwangu kwenye mfuko, na nikasukuma kwa miguu kutoka Malaba mpaka Burumba. Wewe unajua ile njia. Jenereta aliileta mtoto wako wa kwanza kwa gari la mkaa. Pale Adungosi wanawake wa sokoni wakasimama, wakashika vifua, "Pole mzee, umebeba mgonjwa?" Nikawaambia, ni Mchina, amezimia, nampeleka matanga. Mpaka leo wananiita Mzee Mchina.

Nyinyi Wasamia mna desturi moja nzuri, lazima niseme. Vichwa vikishanyolewa, mwenye neno na marehemu anasimama analisema mbele ya wote. Akinyamaza siku hiyo, amenyamaza milele, hata kwa pombe halisemi tena. Nabwire alikuwa amenyolewa, kichwa kinang'aa, amekuwa kama msichana. Wajukuu wako saba wamekaa mbele kabisa, wale wanaojisifu shuleni kwamba babu yao alikuwa anasema Kichina. Mzee wa ukoo akauliza, kuna mwenye neno?

Kato akasimama.

Ndiyo, Kato! Alikuwa amevuka, amevaa koti, mkononi mfuko wa plastiki. Akasema, "Wazee, mimi niko na neno na marehemu. Hii kanda ya ndoo nimeitafuta Kampala mpaka nimepata nzima. Iko na mwisho wake. Mzee Wandera amewaambia watu miisho mingi sana. Tuiweke, tuone kama alijua Kichina ama alikuwa anadanganya watu. Halafu mimi nikae."

Wandera, mkono wangu ulitafuta rungu. Rungu lilikuwa kwenye baiskeli, hatua nne. Nilihesabu. Lakini Nabwire aliniangalia, na wajukuu wakaniangalia, na nikajua nikikataa kanda, nimekubali wewe ni mwongo. Nikimpiga Kato, nimekubali mara mbili. Nikasema, "Weka." Nikapangusa kioo kwa sababu ya vumbi la njiani. Si kitu kingine.

Nilishika maiki yako. Wa kwanza akafa mkahawani, nikatafsiri vizuri kabisa, pengine kukupita. Wa pili, daraja. Wa tatu, pipa. Watoto wakaruka. Halafu mvua, magoti, upanga juu. Nikafika pale deki yetu ilipokula. Miaka sita nimeishia hapo. Na kioo hakikuwa cheusi.

Anamkata! Wandera, anamkata! Mara moja tu, swaa, na masharubu yanaanguka kwenye matope. Nilipiga kelele kwenye maiki, "Nilisema!" mpaka mbuzi za jirani zikakata kamba. Nimeshinda. Andika hapo uliko: Ekisa alishinda.

Lakini halafu, sikiliza. Halafu hakuna neno. Kijana anatupa upanga, anakaa kwenye mvua karibu na maiti, na hasemi. Mvua tu. Dakika moja, mbili. Hapigi kelele, hachezi, hafurahi. Anaangalia ndoo zake mbili zikijaa maji ya mvua zenyewe. Basi. Sinema inakwisha hivyo, mtu na ndoo.

Kato akasimama tena. "Banange, jamani! Mmeona? Hakuna maneno hapo. Marehemu alikuwa anatoa wapi hotuba zote zile?"

Nilikuwa na maiki na sina cha kutafsiri. Nilikuangalia wewe, yaani niliangalia kaburi, lile lenye udongo bado mbichi karibu na migomba. Na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Kato, kaa chini, hujui Kichina. Wachina wakiomboleza wanasema ndani. Sikiliza nikupe." Nikaendelea kwa sauti ya yule kijana: "Mwalimu, kazi imekwisha. Nimemaliza yule. Nilidhani nikimaliza yule wewe utarudi, utakaa hapa, utanikemea ndoo imevuja. Sasa mvua inajaza ndoo, na mimi sina wa kumpelekea maji. Nikae na nani, mwalimu? Nibishane na nani?"

Nikashusha maiki hapo. Maiki ilikuwa mbovu.

Ndipo yule dada yako mkubwa, yule asiyesikia vizuri, akapaza sauti kutoka nyuma: "Kaa na sisi, mwanangu! Chakula kipo!" Alikuwa anamjibu Mchina! Uwanja mzima ukaanguka. Watu walicheka na vichwa vyao vipya vimenyolewa, wakalia, wakacheka tena. Mzee wa ukoo alipangusa macho kwa kofia. Halafu dereva mmoja wa malori, aliyekuja kukuzika na akabaki, akasimama akasema, "Ndivyo hasa Wandera alivyotuambia! Kijana anakaa kwenye mvua anaongea na mwalimu!" Mwingine akasema, ndiyo, hata mimi nilisikia, ila kwangu aliongeza ndoo. Wa tatu akaapa kwamba wewe ulisema mvua na kila kitu. Wandera, hukusema hivyo hata siku moja! Lakini watu wote walikumbuka. Wajukuu wako walikumbuka, na wengine hawakuwa wamezaliwa.

Kato alisimama pale na mfuko wake wa plastiki. Kila mtu alingoja. Na nitasema ukweli, alifanya vizuri. Akasema, "Kale, sawa. Alijua Kichina. Neno langu limekwisha." Akakaa. Na kwa desturi yenu halitasemwa tena.

Nilimpeleka mwenyewe kwenye chungu cha pombe. Nilikuwa nimeagiza ajon kutoka kwetu, pombe ya wimbi, ulezi safi, na mrija wako mrefu ulikuwa umebaki bila mtu. Nikampa Kato. Najua ungefanya hivyo, kwa hiyo nilifanya kabla hujanishauri. Alivuta, akanitazama, akaniuliza polepole, "Mzee, kweli alijua?" Nikamwambia, kwani wewe uliona Mchina yeyote akikataa? Akacheka na meno yake yote. Yako kamili, nilihakikisha.

Jioni hiyo yeye ndiye alishika televisheni kwa nyuma, mimi nikisukuma baiskeli, mpaka Malaba.

Sasa mambo yalivyo. Kibanda kipo, mafunjo nimebadilisha. Kato anavuka kwetu Jumamosi kusikiliza, anakaa benchi lako karibu na jenereta, anabisha sana, na hajui kitu. Nabwire hajambo, anauza maandazi mlangoni, na akiona damu anauliza kama tuko na kitambaa. Kanda nzima ya Kato tumeifungia kwenye sanduku, yeye mwenyewe alikubali. Tunaweka yako, iliyoliwa.

Kwa hiyo nakuaga na ahadi hii, na wewe unajua nikisema sigeuki. Maadamu niko na pumzi ya kuvuta ile kamba, nitasimamisha watu mbele ya kioo cheusi na kuwapa mwisho kwa mdomo. Na nitakubali jambo moja, mara moja tu, usilirudie huko: siku nyingine nitamsamehe. Siku foleni ikitembea.

Lakini leo foleni ya malori imepita kituo cha reli, imefika mpaka mitini, madereva wamekasirika, na jua ni kali. Lala salama, rafiki yangu. Leo Bwana Kizuizi anakufa saa kumi, kipande kwa kipande.

Ni mimi,
Ekisa wa Adungosi, mtafsiri wa Kichina