Mshamba Wangu

Kitale, 2006

Mjukuu wangu Nafula,

Mimi sasa ni wa miaka sabini na tano. Nimemzika nyanya yako, na nimedumu kuliko Kaburu aliyeniandika kazi hapa, kuliko trekta yake na meno yangu. Mama yako anakusalimu. Mahindi yamebeba vizuri.

Umesema ati "boor", neno la Kizungu la mtu asiye na adabu, zamani lilikuwa mkulima tu, tena ni ndugu ya hili letu la Kaburu. Unauliza kama sisi tuna neno la namna hiyo. Tunalo, ni mshamba. Na lilinipata mimi, ambaye Trans-Nzoia nzima hakuna aliyenishinda kulima.

Nilikuwa namchumbia msichana wa Misikhu aliyeshona nguo hapa mjini. Siku moja nikatoka kwa trekta moja kwa moja, matope hadi magotini, nikamkuta na wenzake. Akawaambia, "Si mnaona, mshamba wangu amefika."

Wakacheka. Nikageuka bila salamu.

"Barasa, ngoja bana," akaniita. Sikungoja. Mwishowe akaolewa huko Kapsokwony.

Wewe unafuata neno mpaka kwa babu zake, na ni vizuri. Lakini yule alisema maneno mawili, mimi nikasikia moja.

Ukidhani nimeongeza chumvi, muulize kakake, mzee Simiyu wa soko la Misikhu. Ndiye alitumwa kunieleza lile la pili, nikamfungia mlango.

Babu yako,
Barasa