Tawi Langu ni Mchanga

Jumapili, 3 Agosti 2025

Ukuta wa sebule umevamiwa. Mke wangu amebandika karatasi kubwa ya manila juu ya kochi, pale ilipokuwa picha ya harusi yetu. Picha iko chini, imeegemea friji. Eti ni kwa muda tu.

Amejifunza kuchora hivi kwenye semina aliyotumwa na kazini kwake. Jambo kuu unaliweka katikati, ndani ya duara, halafu unatoa matawi kila upande, kila tawi na rangi yake. Katikati ameandika NYUMBA CHANIKA. Umeme njano. Plasta zambarau, fundi Praygod. Kuhamia nyekundu — Desemba, ili binti yetu Jovina aanze darasa la kwanza hukohuko. Maji bluu, tawi nene kuliko yote, na mwisho wake jina: Azzam.

Azzam ndiye nani? Walikaa meza moja kwenye semina. Ana duka la mabomba hapahapa Chang'ombe.

Nikajitafuta. Nilijitafuta mpaka nikapiga magoti juu ya kochi. Chini kabisa, pembeni, kijitawi cha kahawia: Baba Jovina — mchanga.

Mchanga! Nyumba ile nimeipandisha mimi, kidogo kidogo, miaka sita, bila kuchora hata mstari. Msingi, kuta, lenta, bati. Yote yalikuwa kichwani mwangu.

Jumanne, 5 Agosti

Azzam amekuja kuuona mchoro. Kwangu! Kijana mtanashati, shati limenyooka, ananukia udi mpaka mapazia yamenukia. Akaniamkia, shikamoo mzee Ansbert. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Akasimama mbele ya manila, akasifu. Kasema hata mwalimu wa semina hakuchora hivi, Vai.

Vai! Mimi namwita mama Jovina. Kabla ya mtoto nilimwita Vaileth, jina zima. Sikujua kama linakatika.

Wakachora pamoja. Tawi la maji likazaa vitawi: tangi, jiko, bafu, choo cha wageni. Mke wangu anacheka na kalamu ya bluu mkononi. Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Nani akatumwa soda? Mimi. Nilirudi na mbili, yangu na ya mke wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Leo nimemwambia mchoro wake ni wa kitoto. Akaniuliza kwa upole sipendi wapi, ili aparekebishe. Nikasema rangi. Rangi! Mtu mzima mimi.

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Sikukuu. Nimeaga nakwenda Chanika kuangalia mchanga. Si ndiyo idara yangu?

Nilimkuta Praygod amekaa juu ya rundo la mchanga, hana habari. Kumbe anasubiri mabomba. Mke wangu amemwambia plasta isianze kabla ya mabomba kuingia ukutani, tena amemtumia picha ya ule mchoro kwenye simu. Fundi wangu mwenyewe, niliyeanza naye msingi, sasa anasoma matawi!

Nikamwambia aanze plasta leo leo. Bafu na jiko kwanza.

"Bosi, na mabomba je?"

Nikamwambia yatapita nje ya ukuta, mbona kwa baba mwenye nyumba wetu yamepita nje na maji tunaoga. Akakuna kichwa, akachukua mwiko. Nikabaki pale mpaka jioni, nikimsogezea maji mwenyewe. Ukuta umetoka laini, unapendeza. Nimemwagiza amalizie vyumba vyote. Moyoni nina raha, lakini raha yenyewe siipendi.

Mama Jovina ameuliza mchanga ukoje. Nimesema upo.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo ilikuwa siku ya mabomba. Tumekwenda na pikapu ya Azzam. Mbele yeye na mke wangu. Mimi nyuma, eti lazima awepo mtu wa kuyashika yasichomoke.

Tumefika. Plasta nyumba nzima. Azzam akapapasa ukuta wa bafu, akasema kazi nzuri, halafu akageuka kuyatazama mabomba kwenye pikapu. Mke wangu akamtazama Praygod. Praygod akanitazama mimi. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kuyapitisha nje Azzam anasema inawezekana, ila jua litayala, na bafu lenyewe litakuwa aibu. Kwa hiyo ni kutindua. Plasta yote ya bafu na jiko ipasuliwe, mabomba yalazwe, ipigwe upya. Kwa hela tuliyonayo, Desemba hatuhamii. Jovina ameshawaaga wenzake huku.

Nilingoja nifokewe. Mke wangu hakufoka. Alimwomba Azzam msamaha. Kwa niaba yangu! Ningetamani anifokee.

Kurudi, alipanda nyuma na mimi. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, Azzam alimfungulia mpaka mlango. Akakaa juu ya kifurushi cha viungio, mkono umeshika ubavu wa gari, mpaka Chang'ombe.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi ameubandua mchoro wake, ameukunja. Mahali pake amebandika manila nyingine, nyeupe tupu. Akaniwekea kalamu zote mezani.

"Baba Jovina, ile niliichora peke yangu kwa sababu kila nikikuuliza ulisema iko kichwani. Sasa chora wewe. Nikirudi kanisani nione kilichomo."

Wameondoka, yeye na Jovina.

Nimechora duara. Nikaandika NYUMBA. Nikalikata. Pembeni yake nikachora duara jingine, kubwa, nikaandika VAILETH. Limeenea vizuri, jina zima. Nikatoa tawi la kwanza. Mkono ulikwenda wenyewe — bluu, nene. Mwishoni nikaandika Azzam.

La pili sijalipata. Nimekaa naliangalia hilo moja. Nimetafuta umeme, madirisha, Desemba, hata mchanga. Hamna. Kilichomo kichwani ni hiki tu, na wino wenyewe haufutiki.

Geti. Jovina anakimbia uani ananiita. Mama yake yuko nyuma, anamkaribisha mtu. Anamwambia apite tu ndani, baba Jovina yupo, anachora. Udi umeshafika dirishani, na manila ameigandisha kwa gundi, haitoki —