Mikono ya Dorcas

Jumatatu, 11 Mei
Nimemfunga Dorcas vifungo vya shati, kisha kamba za viatu, halafu mbio kwenye zamu kiwandani. Binti yangu ana miaka kumi na moja. Kila asubuhi ni hivyo. Kikombe kimemponyoka tena. Mama yake amefuta chai.

Alhamisi, 14 Mei
Mwalimu amemtoa kwenye gwaride la shule. Mikono na miguu yake haiendi pamoja, watoto wanacheka. Amerudi nyumbani. Hakula.

Jumapili, 17 Mei
Amekataa kwenda kanisani. Nimemkuta chumbani anajiuma mikono. Alama za meno.
"Papa, bakate hii mikono. Miye sifai kitu."
Kutaka mikono ikatwe! Nimeogopa. Karibu na tanuru la kiwanda sijaogopa hivi.

Jumanne, 19 Mei
Nimeomba ruhusa kazini. Hospitali. Daktari, mama mpole, amemrushia mpira adake, amempa kalamu aandike. Si uvivu. Si uchawi. Ni hali inayojulikana, ina jina lake la kidaktari. Akili ni nzima, mwili ndio unachelewa kuitika. Atajifunza polepole, kugombezwa hakusaidii. Kinachomtia daktari wasiwasi zaidi ni huzuni: watoto kama yeye huchekwa mpaka wakajichukia. Arudi kila wiki waongee.
Njiani Dorcas akaniuliza, "Kumbe hii kitu iko na jina?" Akatabasamu. Wiki nzima sijaona meno yake.

Ijumaa, 29 Mei
Mama yake alitaka kuzungumza na darasa. Dorcas akakataa kusemewa. Leo amesimama mwenyewe mbele ya wenzake, sisi tuko mlangoni.
"Mikono yangu inachelewaka. Akili, hapana. Mukinicheka, minaumia."
Mvulana mmoja akacheka. Dorcas akangoja anyamaze, akarudia yote tangu mwanzo. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu ameomba radhi, akamwambia arudi kwenye gwaride. Dorcas akasema asante, hataki, atatazama.
Najivunia. Nimewasimulia wenzangu wote wa zamu. Hata mlinzi wa geti nimemsimulia, na hakuniuliza.

Jumapili, 7 Juni
Baridi imeanza. Mado, msichana wa darasa lake, amekuja kumtembelea. Dorcas hajawahi kutembelewa na mtu. Wamekaa nyuma ya nyumba, wanakula karanga, wanabishana juu ya hesabu. Dorcas ndiye anayeongea zaidi. Nilitaka kutoka niwasalimie. Mama yake akanizuia.
Tumekaa ndani, tunasikiliza.