Pikipiki Isiyonguruma Ukweni

Mpendwa Mama Verdiana, shikamoo. Naomba unishauri kabla sijapoteza mchumba, maana hapa nilipo hata chakula hakipiti.

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Kilosa mjini, na mwezi wa tatu niliuza pikipiki yangu ya petroli nikachukua ya umeme, ya kwanza kijiweni kwetu, haina moshi, haina kelele, naichaji nyumbani kama simu, mpaka abiria wa Mikumi wananiuliza kama imezima, na nilikuwa najiona mjanja kweli hadi Jumapili moja nilipokwenda Mvumi kwa kina Limi, mchumba wangu, na Mama, wale ni wafugaji, Wasukuma, kwao mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe, kwa hiyo siku zote akisikia nanguruma kule barabarani anaingia ndani, ila siku hiyo hakusikia kitu, nikaibukia uani nikamkuta kasimama na hindi la kuchoma, mdomo umejaa, tukatazamana, akatupa hindi akakimbilia kwa jirani na hakurudi mpaka kesho yake. Baba mkwe, Mzee Ngeleja, akaniambia, "Anayekuja kimya kimya hivi ni mkwe au mwizi wa ng'ombe? Leta mbuzi, na urudi na pikipiki inayosikika, la sivyo Limi humpati."

Mbuzi nilitoa. Lakini petroli sirudii, kwa hiyo nikanunua spika, nikaifunga chini ya kiti, nikarekodi mlio wa pikipiki ya Nickson, mwenzangu wa kijiweni, na Jumapili iliyofuata nikaenda nanguruma vizuri kabisa, mama mkwe akaingia ndani kama kawaida, nami nikasimama karibu na mlango wake sijazima, kumbe wakati narekodi Nickson alikuwa anaita abiria, spika ikapaza sauti mbele ya watu wote, "Panda mama, panda mrembo, buku tu nakufikisha!" Sasa Mzee Ngeleja anasema harusi haipo, na Limi hapokei simu. Je, niuze pikipiki, au nitafute mlio mwingine ulio safi?

Fortunatus, Kilosa

MAMA VERDIANA ANAJIBU

Marahaba, Fortunatus. Nimecheka mpaka chai ikamwagika. Sasa nimemaliza kucheka, nisikilize.

Pole kwa fedheha, lakini pikipiki usiisingizie. Watu walikuwa wanapiga hodi kabla petroli haijafika Kilosa. Una mdomo, tena ni dereva wa bodaboda, watu ambao sijawahi kuwasikia wakikosa maneno. Ulishindwaje kusimama nje ya boma ukaita? Miaka yote heshima yako kwa wakwe ilikuwa inafanywa na injini. Ukanunua chombo kisicho na kelele, halafu ukaenda dukani kununua kelele! Akili gani hiyo, mwanangu?

Mzee Ngeleja naye, kama kuna anayemsomea gazeti, azoee tu. Siku si nyingi hata lori la kubebea ng'ombe wake litaingia pale bila kunguruma.

Usiuze pikipiki. Ng'oa hiyo spika leo hii. Jumapili nenda na mshenga wako, mtu mzima anayejua kuongea, na ufunge kengele ya baiskeli kwenye usukani kwa safari za baadaye. Pikipiki iache barabarani, tembea kwa miguu, piga hodi mbali na uzio, na ungoje kuitikiwa hata kama ni nusu saa juani. Umwombe mzee radhi, yeye ndiye atakayezifikisha kwa mama.

Halafu Limi. Umeniandikia habari za moshi, chaji, spika na Nickson, ila yeye mwenyewe anasemaje hujaniambia, na nadhani hujamuuliza. Kamuulize, tena usipitishe Jumapili hii. Barua yake ilinifikia Jumanne, kabla ya yako. Sitaichapisha. Ana maswali manne, na hakuna hata moja linalohusu pikipiki.